Stata ya Gari la Baba Mkubwa

Hata leo nikimwona mtu wa mtaani kwetu Pasiansi wa enzi zile huwa navuka barabara, maana najua ataanza kucheka kabla hajanisalimia, na kusema kweli ana haki.

Ilikuwa miaka ya tisini, mitumba imejaa mjini na kila mtu anaota gari la Japani, lakini baba mkubwa alishikilia gari lake la Kifaransa lililonizidi umri. Breki ya mkono ilishakufa, kwa hiyo aliliegesha likiwa kwenye gia namba moja, na jiwe mbele ya tairi. Nyumba nzima ilijua hilo, nadhani hata kuku.

Siku ya harusi ya binti yake Sabina, stata ikagoma. Ukizungusha ufunguo, "ta!", kisha kimya.

"Tulisukume kama kawaida," akasema baba mkubwa.

Sabina, ambaye alishakaa kiti cha nyuma na gauni lake jeupe, akaanza kulia. Wakwe kutoka Bujora walikuwa wamesimama pale uani, na hakutaka wamwone akienda kanisani kwa kusukumwa.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. (Shule niliiacha darasa la sita, lakini gereji zote hadi Buswelu nilikuwa nimezizurura nikiuliza maswali mpaka mafundi wananifukuza.)

"Bibi harusi hasukumwi," nikatangaza. "Nipeni dakika tano."

"Masanja, una uhakika?" akauliza baba mkubwa.

"Baba, niachie mimi."

Nikawasha taa, zinawaka vizuri, basi betri nzima. Nikasugua vichwa vya betri, bado. Nikaondoa jiwe nipate kulala chini, nikaigonga stata kwa nyundo, bado. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza kwa upole, "Huyu ndiye fundi wenu?" Masikio yakaniwaka moto, nikakumbuka ujanja wa gereji: unawasha swichi kwa ufunguo, unasimama ubavuni mwa injini, unaunganisha vyuma viwili vya stata kwa bisibisi.

Cheche zikaruka, injini ikanguruma, vigelegele vikapigwa, na gari likaondoka.

Bila dereva! Mfuko wa suruali yangu ya mtumba ulikuwa umenasa kwenye bampa, basi nikawa nakimbia kandokando kama ndama anayepelekwa mnadani, nikipiga kelele "Simama! Simama!" (kana kwamba lina masikio), tukapasua uzio wa minyaa, tukapanda juu ya dagaa wa jirani yetu Mama Kulwa walioanikwa mchangani, tukielekea ziwani, na suruali ikachanika hadi gotini. Sabina ndiye aliyejipinda kutoka kiti cha nyuma akazima ufunguo, hatua chache kabla ya maji.

"Dagaa wangu wamekukosea nini, wewe?" akauliza Mama Kulwa.

Yule mzee akafika anahema, akaitazama suruali yangu, akamtazama Sabina, akavua koti.

"Usilie, mwanangu. Kaa vizuri, tunakusukuma sisi."

Wakwe wakamsukuma kutoka mchangani hadi barabarani, baba mkubwa akiwa kwenye usukani, mpaka gari likawaka, na Sabina alikuwa anacheka machozi yanamtoka. Mimi nilifuata nyuma kwa miguu, nimejifunga kanga ya mama mkubwa.

Baba mkubwa tulishamzika, gari liliishia kwenye vyuma chakavu, lakini bado natamani kuwaona tena wazee wale, mashati yamelowa jasho, wakimsukuma binti ambaye alikuwa bado hajawa mtoto wao. Niliapa siku ile: gari likigoma, nitaomba watu wasukume, hata mbele ya mkwe wangu mwenyewe.