Ukurasa wa Madamu Phelister

Madamu Phelister Nabangala hakuwa mwoga. Alitoka Bungoma na begi moja, akavuka mpaka, akafundisha Kiswahili pale Mengo miaka kumi na tisa, katika mji ambao ukimsalimia mtu kwa Kiswahili anatazama kwanza kama umevaa buti za askari. Lakini kompyuta, loo! Kompyuta ilimtoa jasho.

Sasa, shuleni kwao walikuwa na desturi. Kila Alhamisi baada ya masomo walimu walikutana, na mmoja akawafundisha wenzake kitu alichookota mtandaoni: leo mchezo wa maswali, juma lijalo ramani inayozunguka. Anayefundisha ndiye anayeleta mandazi. Abubaker, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyewaonyesha ukurasa wa pamoja, ule ambao watu wengi wanauandika kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye simu yake. Phelister akaupenda papo hapo.

Alikuwa na sababu. Mwalimu mkuu, Bi Kahambu, alikwisha sema kwamba somo la hiari lisilofikisha wanafunzi kumi na wawili litafutwa Ijumaa. Kiswahili kilikuwa na kumi na mmoja. Amepungua mmoja tu, jamani! Kikifutwa, Phelister angepelekwa kusimamia bweni, na miaka kumi na tisa ingekwenda na maji.

Basi Jumatano akaandika swali kwenye ukurasa: kwa nini mtoto wako hasomi Kiswahili? Aliliandika kwa Kiluganda, akalituma kwenye Wasapu ya wazazi wa kidato cha pili. Masikini, alidhani kila mzazi atapata karatasi yake na kujibu kwa siri, kama mtihani.

Alhamisi ikawa zamu yake. Akagawa mandazi, Abubaker akawasha projekta, ukurasa ukajitokeza ukutani. Salaale! Mzazi mmoja amefuta nusu ya jibu la mwenzake. Mwingine anatafuta sweta ya mwanawe. Wa tatu amewasalimu wote na kuuliza nani anauza vifaranga.

"Madamu, umewapa wote ukurasa mmoja, na ruhusa ya kuandika juu!" Abubaker alicheka mpaka andazi likamwanguka.

Phelister naye akacheka, japo uso ulimwaka. Kisha ukutani herufi zikaanza kutokea moja moja, kwa Kiluganda. Kuna mtu alikuwa anaandika wakati ule ule.

"Mimi ni Ssemwanga, babu wa Nalwoga. Yeye ndiye ananiandikia. Kwangu Kiswahili hakiingii. Ni lugha ya askari."

Kicheko kikakatika.

"Nifunge?" Abubaker aliuliza.

Phelister alitamani kumwambia funga. Bi Kahambu alikuwa amekaa pale pale na orodha yake ya masomo ya hiari mapajani. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akavuta kiti, akaandika chini ya maneno ya mzee: "Ssebo, mzee wangu, pole. Walikufanyia nini?"

Wakangoja. Jibu lilikuja polepole.

"Wakati wa vita walitusimamisha njiani, mimi na kaka yangu. Wakapiga kelele kwa Kiswahili chao: 'Usisogee!' Kaka akaenda mbele, ameinua tikiti yake ya kodi, kitambulisho cha siku zile, awaonyeshe. Wakampiga risasi. Mimi nilibaki nyuma kwa sababu ya woga tu. Neno lile ninalo masikioni mpaka leo, na sijawahi kumuuliza mtu maana yake. Wewe ni mwalimu. Niambie."

Chumba kizima kilimtazama Phelister. Angeweza kudanganya, aseme lilikuwa tusi. Tusi lingemwachia mzee hasira yake, na hasira ile alikwisha izoea. Ukweli ungempa mzigo mpya uzeeni, na pengine angefunga simu, na Kiswahili kikaishia hapo. Hata hivyo mzee alikuwa ameuliza, na yeye kazi yake ilikuwa hiyo.

Akaandika neno moja la Kiluganda: "Tosembera." Usije karibu.

Nje wanafunzi walikuwa wakipiga mpira. Bi Kahambu akaanza kukunja orodha yake.

Kisha: "Kumbe. Kaka alidhani wanamwita."

Phelister aliziba mdomo kwa kiganja. Baada ya kitambo ukaja mstari mwingine.

"Mtoto huyu hataki kuendelea kuandika, analia. Naandika mwenyewe. Mwalimu, mweke darasani kwako. Asije akasimama mbele ya mtu siku moja bila kujua anaambiwa nini."

Bi Kahambu aliikunjua orodha, akaandika jina la Nalwoga, la kumi na mbili. Phelister hakuwa na furaha aliyoitarajia. Alilia pale pale mbele ya wenzake, nao wakamwacha alie.