Shangazi Aliposhika Kipaza Sauti

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ameketi kiti cha mbele, kitambaa cheupe kichwani, akiimba kuliko wote. Ilikuwa Jumapili ya akina mama katika kanisa letu karibu na Ahero. Mimi nilikuwa nimetoka Kisumu, ninakofanya kazi, ili niseme maneno machache ya kumshukuru mama yangu. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi, maneno ya kawaida tu. Lakini shangazi aliitwa kabla yangu.

"Huyu mke wa ndugu yangu tulimpenda tangu alipofika," akasema. "Tulimlea pamoja na watoto wake kama wetu."

Watu wakaitikia amina. Nikaikunja karatasi yangu.

Baba alipofariki nilikuwa na miaka kumi. Matanga hata hayajaisha, wazee wa ukoo wakamtaka mama arithiwe na shemeji yake. Mama alikataa mbele ya wanaume wote, akiwa ameketi chini, bila kupandisha sauti. "Mimi niliolewa mara moja," alisema, "na mume wangu mmemzika juzi."

Wiki chache baadaye, mvua ikiwa imeshika tambarare yote ya Kano, shangazi alikuja na ndugu zake wawili na ngazi. Waling'oa mabati ya nyumba yetu moja baada ya jingine, wakisema ni mali ya ndugu yao. Shangazi alisimama chini akielekeza. "Hata lile la jikoni," alisema. Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, akanipa sufuria ya unga niifunike kwa kanga.

"Sasa si uende kwenu?" shangazi akamwuliza.

"Kwetu ni hapa. Ukitaka niondoke, ning'oe na mimi."

Hakuondoka. Alitandaza turubai juu ya kuta, na kulipopambazuka akaenda kupanda mpunga kwenye mashamba ya skimu ya umwagiliaji, matope yakimfika magotini. Tuliishi chini ya turubai lile miezi saba. Shangazi alipokutana nasi njiani alituita watoto wa mchawi, na majirani walisikia. Wengi wao ndio hao walioitikia amina.

Basi zamu yangu ilipofika niliyasema yote. Niliwataja na walioshika ngazi. Kisha nikamtazama shangazi usoni, nikamwita kwa Kijaluo kama tunavyomwita dada ya baba, nikamwuliza, "Waya, ulitulea lini? Taja siku moja tu."

Shangazi aliinamisha kichwa, na mimi nikasikia raha, sitadanganya. Ningeendelea, ila mama aliinuka kwenye kiti chake akatoka nje bila kunitazama.

Nilimfikia barabarani. Alikuwa amevua viatu, anatembea upesi.

"Nani alikutuma?" akaniuliza.

"Nilikuwa nakushukuru, Mama."

"Ulikuwa unampiga yule. Na kiboko chako ni mimi. Niliamua kunyamaza miaka yote hii, nilikuwa na sababu zangu. Wewe umekuja kunifungulia mdomo mbele za watu."

"Kumbe unamtetea?"

"Simtetei mtu. Rudi Kisumu."

Nilirudi nikiwa nimefura. Nilimpigia simu, hakupokea. Nikaapa kwamba sitampigia tena, nikampigia kesho yake, hakupokea.

Mwezi ulipopita nilikwenda nyumbani bila kualikwa. Nilikuta mlango umefungwa. Jirani akaniambia mama yuko kwa shangazi, huenda kila asubuhi. Shangazi alikuwa amepigwa na kiharusi, upande mmoja hausogei. Watoto wake walikuwa Nairobi, na wanawake wenzake wa kanisa walikuwa wamekuja wakaomba, wakanywa chai, wakaenda zao.

Nilifika kwenye ua wa shangazi nikasimama nje. Ndani nilimsikia mama. "Inua mkono. Si huo. Geuka." Hakukuwa na huruma yoyote katika sauti yake. Shangazi alikuwa akilia, na mimi sikumhurumia hata kidogo.

Mama akatoka na beseni, akamwaga maji machafu chini ya mgomba. Aliponiona hakushtuka.

"Kwa nini unamfanyia hivi?" nikamwuliza.

"Ananuka. Hakuna mwingine wa kumwosha."

"Kwa hiyo umemsamehe?"

Alinikazia macho. "Nani amekuambia? Sijamsamehe. Na usiende kanisani kutangaza hivyo."

"Sitatangaza."

"Basi kachote maji mengine."

Nilichukua beseni nikaenda kwenye pipa. Moyo wangu ulikuwa bado mchungu, na mpaka leo shangazi sijamsalimia. Lakini maji nilimpelekea mama mpaka mlangoni, mara tatu asubuhi ile. Mara ya tatu alinishika bega kwa mkono wake wenye povu, akasema, "Umekonda. Subiri nimalize, twende ukale."