Benedicte, Mlinzi wa Kijiji cha Simu

Benedicte anasuka nywele barazani kwetu, hapa Kisugu. Alikuja na mama yake kutoka Butembo akiwa na miaka kumi na miwili. Alijifunzia kusuka vichwani mwa majirani, na leo wateja wanatoka mpaka Kyebando kumfuata. Hana mtoto. Mimi nina Bienfait wa miezi minane, basi hata yeye, tuliyesoma naye shule ya msingi, ananiita Mama Bienfait.

Ni yeye aliyeniingiza Kijiji cha Kisima. Ni kundi la WhatsApp la watu zaidi ya mia, wengi Wakongo wa hapa Kampala. Kila mmoja ana mtu anayemwigiza: kuna chifu, mlevi, mama mkwe mkali. Tunaandika kana kwamba tunaishi huko. Benedicte ni binti wa chifu, anaongea kutwa. Mimi ni mkunga, nasoma zaidi ya kuandika.

Mwezi wa tano Dady, mwenye kundi, alisema anatafuta mlinzi mmoja wa mchana, wa kujitolea, atulize ugomvi na kufuta matusi. Anayetaka ajibu swali moja, amwandikie yeye peke yake: "Nani kijijini sasa hivi haigizi?"

Niliitaka sana nafasi hiyo. Nafua, napika, nanyonyesha, na hakuna anayeniuliza naonaje jambo lolote. Na jibu nilikuwa nalo. Exaucée, anayeigiza muuza pombe ya ndizi, kila siku huwaita watoto wake wanne kwa majina waje kula. Siku tatu mfululizo aliita watatu. Emile hakumtaja.

Kosa langu, nilimwambia Benedicte, akiwa anamsuka mteja.

"We Mama Bienfait, una macho ya polisi," alisema, akicheka. "Mimi nilidhani amechoka kuandika."

"Emile ni jina la mtoto wake wa kweli. Aliwahi kuniambia."

Mikono yake ikasimama. "Umemuuliza kuna nini?"

"Bado. Nataka kwanza nimwandikie Dady."

Niliandika na kufuta siku mbili, naogopa kukosea. Nilipotuma, Dady alijibu kwamba mwingine ameshaleta neno hilohilo, afadhali mtu ajitafutie lake. Ijumaa akamtangaza Benedicte. Kundi zima likapiga vigelegele vya kuandika. Mimi nikaosha masufuria yaliyokuwa safi.

Kesho yake nilimkuta barazani peke yake.

"Uliandika habari ya Emile?"

"Niliandika. Si ndiyo kweli?"

"Mimi ndiye niliyeona."

"Uliona, dada. Mimi nikampigia Exaucée." Alikuwa anachambua nywele za bandia, hakuinua uso. "Mtoto alimwagikiwa na maharage ya moto. Wako hospitali ya Mulago tangu wiki jana. Nimewapelekea uji mara mbili."

Nilitamani awe mwizi tu, nimchukie nipumzike. Sasa nilimwonea wivu hata kwa ule uji.

Jumatatu alinipa simu yake. Anakwenda kukaa na Emile ili Exaucée aoge na kulala kidogo. "Nishikie kijiji mpaka saa tisa," alisema, kama anayeniachia sufuria jikoni. Karibu nikatae.

Saa sita mlevi alimtukania mama mkwe kabila lake, kabila la kweli, si la mchezo. Nilifuta maneno yake, nikamwandikia faraghani kwamba hapo ametoka nje ya kijiji, arudi akiomba radhi. Nilimwandikia na yule mama, nikamwacha aseme yote. Kabla ya saa nane wote wawili walikuwa wamerudi mchezoni, wanagombania mbuzi.

Dady akaandika mbele ya watu wote: "Asante Benedicte. Sikukosea kukuchagua."

Bienfait alikuwa amelala kifuani pangu. Kwa kidole kimoja niliandika, "Benedicte yuko hospitali. Hii ni kazi yangu, Mama Bienfait," nikatuma kabla aibu haijanifikia.