Neno Nililoliruka

Mikono ya mke wangu ilitoka jasho jingi hata akaona haya kusalimiana na watu kanisani. Daktari wa huku ugenini alipoeleza upasuaji wa kukata neva kifuani ili jasho likome, mimi ndiye niliyemtafsiria mke wangu. Alisema pia kwamba mapigo ya moyo huweza kupungua. Neno hilo nikaliruka, nisimtishe.

Mikono ilikauka. Wiki chache baadaye akazimia kwenye ngazi za stesheni ya treni ya Blacktown. Hospitalini, namba ya mapigo yake ilizidi kushuka kwenye skrini. Daktari alitaka kumwekea kifaa cha kuusaidia moyo, lakini kwanza akampigia simu mkalimani.

“Mama,” sauti ya mwanamke ikasema kwenye spika ya simu, “moyo wako unapiga polepole mno. Ni ile hatari uliyoelezwa kabla ya upasuaji.”

Mke wangu akanigeukia. “Nilielezwa lini, baba watoto?”

“Sikukwambia,” nikajibu.

Akanipa mgongo. Kisha akaiambia simu, “Dada, usikate. Utaniambia yote, ila huyu mzee atoke kwanza.”

Nikatoka. Kupitia kioo cha mlango nilimwona akiitikia kwa kichwa, nami sikujua anakubali nini.