Kalenda Iliyobandikwa Ukutani

Asubuhi moja ya mwanzo wa mvua haijanitoka akilini, mwanangu, ingawa miaka imepita mingi na sasa mimi ndiye ninayepewa kiti nikiingia mkutanini. Nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada yangu, nikapewa kusimamia bustani na michezo katika mji wetu mdogo chini ya mlima Hanang. Kazi yenyewe ilikuwa uwanja mmoja wa wazi, kitalu cha miche nyuma ya ofisi, na mtunza bustani mmoja, Mzee Tlemu, Mwiraqw wa makamo ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi.

Nilitengeneza kalenda ya mwaka mzima. Niliichora kwa kalamu za rangi: mwezi wa kupanda maua, mwezi wa mashindano ya shule, na, kwa wino wa kijani, siku ya watu wote kupanda miti kuzunguka uwanja na kisha kucheza netiboli. Siku hiyo niliiweka mara tu baada ya mvua za kwanza, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa: mche hupandwa udongo ukilowa. Nilimpa Mzee Tlemu aibandike ukutani. Aliitazama, akasema, "Siku hii ya kijani, binti, labda tungeisogeza." Nikamjibu kwamba barua za mwaliko zimekwisha kutoka. Akatafuta misumari.

Ilipofika siku yenyewe niliamka mapema. Ili watu wakifika wapande bila kupoteza muda, nikachana kwa mikono yangu viriba vyote, vile vifuko vya plastiki vilivyoshika udongo wa miche mia mbili ya mgrevilia na mjakaranda. Udongo ulimomonyoka, mizizi ikabaki wazi. Hilo halikunitisha, maana niliamini kwamba baada ya saa moja yote ingekuwa ardhini.

Saa tatu hakuna mtu. Saa nne hakuna mtu, na jua limetoka kali kama linavyotoka baada ya mvua. Mzee Tlemu akaja na jembe begani.

"Shikamoo, mzee. Watu wako wapi?"

"Marahaba. Wako mashambani nyuma ya maksai, wanalima na kupanda, vijiji vya Nangwa, Dirma, kote. Leo hata wagonjwa wamepona." Akazitazama jezi nilizokuwa nimezipanga juu ya benchi. "Hizo ungewavika maksai, binti. Wao ndio wenye mechi."

Kisha akaona miche. Tabasamu likamfifia usoni. Mwanangu, kiangazi kizima mtu yule alikuwa akiinywesha kwa ndoo, akiteka maji mbali wakati upepo wa mlimani ukikausha hata nguo kabla hujamaliza kuzianika. Aliinama, akagusa majani yaliyoanza kulegea.

"Ulinipa kalenda niibandike," akasema polepole. "Hukunipa niisome."

Nami ni mtoto wa mkulima. Nililijua juma la kupanda mahindi kabla sijajua kusoma. Nilikuwa nimelisahau kwa sababu tu halikuandikwa kwenye daftari la chuo.

"Itakufa?" nikauliza.

"Ikibaki hivi, ikifika saa nane itakuwa imekufa. Vua viatu."

Tukachimba mtaro wa kuihifadhi kwa muda upande wa ukuta wenye kivuli, tukailaza miche ubavu kwa ubavu, tukaifukia mizizi kwa udongo mbichi na kuimwagia maji. Tulimaliza jua likielekea magharibi, viganja vyangu vikiwa na malengelenge. Mingine haikupona. Iliyo mingi iliinua majani siku ya tatu, na Mzee Tlemu akanionyesha siku tuliyopaswa kuichagua tangu mwanzo: kati ya kupanda na palizi, watu wanapopumzika migongo. Tukaualika mji upya, na siku hiyo miche ikapandwa; walikuja mpaka wafugaji wa uwandani na ndama wao, wanawake wakacheza netiboli wakiwa wamejifunga khanga, na jezi hazikutosha.

Leo ninapanga misimu ya bustani nikiwa na utulivu mwingi, lakini kabla ya kuandika tarehe naizunguka kwanza mitaa nikiuliza: mnalima lini, mnavuna lini, mnada ni lini, mfungo unaanza lini. Nawe unayeanza kazi, usione haya kuuliza watu unaowatumikia, na usiwape kazi ya kubandika tu wale wanaojua. Elimu yako ni ya kweli. Wape nafasi waisahihishe kabla haijawagharimu jasho lao. Na ukikosea, vua viatu mapema, mchana bado mrefu.

Mungu akujalie mvua kwa kiasi chake, watu wa kukukatalia kwa upole, na uwanja unaojaa siku unapoualika mji.