Mishipi Isiyo na Ndoana

Bado nasikia vyuma vya miguuni vikigonga bodi ya lori, kwa, kwa, kwa, siku tulipowapeleka watoto wetu walemavu kutoka Temeke kwenda kuvua Kunduchi. Mie nilikuwa mlezi wao.

Kamati ya kituo chetu ilikuwa imefikiria kila kitu. Watoto waligawiwa mishipi mipya kabisa, ila ndoana zilibaki ofisini, kwa usalama wao. Mwenyekiti akahutubia saa nzima juu ya kujitegemea, na watoto wakajitegemea juani.

"Shikamoo, ndugu mwenyekiti," akasema binti mmoja wa miaka tisa. "Sasa samaki atanasaje?"

"Marahaba. Wewe vua tu, mwanangu, usikate tamaa."

"Mbona nimemwahidi bibi kitoweo?"

Wakubwa wakacheka. Wakanunua kolekole kwa wachuuzi, wakamshikisha binti, wakampiga picha, kisha wakamnyang'anya samaki wakaenda naye hotelini kula. Kolekole alialikwa, sie hatukualikwa.

Binti akakodolea macho mshipi wake. Nikachomoa pini kwenye gauni langu, nikaikunja kwa jiwe, nikaifunga kwenye mshipi wake, nikachomeka dagaa aliyeangushwa na wachuuzi awe chambo, nikamrudishia avue.