Beringi Nilizozipatanisha

Jamani, mtacheka. Kwenye karakana ya misheni hapa Ifakara, Fundi Kasiani, mzee wetu, aliniambia: "Beringi mbili za mhimili wa mashine ya kuchonga chuma zigeuziane mgongo. Nati kaza kidogo tu. Ukipatia, mashine ni yako."

Nikawaza, kwetu wanaogeuziana mgongo wamenuniana! Nikazielekeza uso kwa uso kama wachumba, nati nikaikaza kwa nguvu zote zisije zikaachana.

Mashine ikavuma taratibu kama mto Kilombero. Nikasinzia, nikajiona fundi mkuu, watu wananiamkia. Grisi ilivyoungua, mimi nasikia harufu ya perege wa kukaanga.

"Shikamoo, fundi mkuu."

"Marahaba," nikaitikia kwa madaha.

Kufumbua macho, ni Fundi Kasiani na mvi zake, kasimama katikati ya moshi.